Kombe la Mapinduzi: Historia ya Mashindano ya Januari, 2007–2025

Dibaji

Zanzibar ina mashindano mengi ya mpira. Ni kombe moja tu, hata hivyo, linalozitoa Simba na Yanga kwenye ligi ya Bara, linalojaza boti za Dar es Salaam na kuufanya mtaa wa Amani ukeshe hadi saa sita za usiku. Kombe la Mapinduzi, katika sura yake ya sasa, lilianza kuchezwa mwaka 2007, na tangu hapo halijakosa mwaka hata mmoja. Kufikia Januari 2025 lilikuwa limechezwa mara 19 na kutoa mabingwa tisa tofauti: klabu za Bara, klabu za Uganda, klabu za mitaa ya Unguja, na hatimaye timu ya taifa ya Zanzibar yenyewe.

Kijitabu hiki kinafuata mwendo huo hatua kwa hatua: haja iliyolizaa kombe, uwanja uliolilea, awamu tatu za kukua kwake, na watu wanaoliendesha. Ukiyasoma majina ya mabingwa kwa kufuatana na miaka utaona jambo moja. Mwenyeji alishinda mapema, mwaka 2009, kisha akakaa miaka 14 akiwatazama wageni wakiondoka na kombe mlangoni kwake. Hakufunga mlango. Aliendelea kuwaalika walio na nguvu kumzidi, na kutoka 2023 kombe likabaki nyumbani miaka mitatu mfululizo. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kabla ya kombe: kutoka Mnazi Mmoja hadi Amani

Mpira wa miguu ulifika Unguja katika karne ya 19. Vijana wa skuli ya wamishonari ya Kiungani walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuucheza, na kufikia miaka ya 1920 viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, vilikuwa na ligi na watazamaji wake. Mwaka 1949 Zanzibar iliingia katika Kombe la Gossage, lililoanzishwa mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda kwa udhamini wa kampuni ya sabuni, na ambalo Tanganyika ilijiunga nalo mwaka 1945. Kombe hilo ndilo lililogeuka kuwa Chalenji mwaka 1967.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalileta serikali mpya, na miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili, ukaja Muungano na Tanganyika. Chini ya Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, mji ulianza kutanuka kuelekea mashariki. Nje ya Ng'ambo ya zamani, katika eneo la Amani, ukajengwa uwanja mkubwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Kwa mara ya kwanza Zanzibar ilikuwa na uwanja wenye majukwaa ya zege na nafasi ya maelfu ya watu.

Uwanja wa Amaan haukubaki wa mpira peke yake. Tarehe 5 Februari 1977 Chama cha Mapinduzi kilizaliwa hapo, TANU na Afro-Shirazi zilipoungana. Gwaride la kuadhimisha Mapinduzi limepita hapo mara nyingi. Kwa hiyo kombe lilipoanzishwa, jina lake na uwanja wake vilikuwa vimekwisha kufungwa pamoja na tarehe 12 Januari.

Haja iliyolizaa kombe

Kuanzia mwaka 1982 klabu bora za Bara na za Visiwani zilikutana katika Ligi ya Muungano. Zanzibar haikuwa msindikizaji katika ligi ile: KMKM ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1984, na Malindi ikautwaa mara mbili, 1989 na 1992. Mwaka 1995 timu ya taifa, Zanzibar Heroes, ikashinda Chalenji nchini Uganda, taji pekee la mashindano hayo ambalo Zanzibar imewahi kulichukua.

Ligi ya Muungano ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila upande ukabaki na ligi yake na wawakilishi wake katika mashindano ya klabu barani Afrika. Klabu za Zanzibar zilipata nafasi zao zenyewe za kwenda Afrika, na hilo lilikuwa jambo la kheri. Lakini zilipoteza kitu kingine: mechi za mara kwa mara dhidi ya Simba, Yanga, Mtibwa Sugar na wengineo. Mchezaji wa Miembeni au wa Jang'ombe angeweza kumaliza miaka yake yote ya mpira bila ya kupambana na mshambuliaji wa Ligi Kuu ya Bara. Mtazamaji wa Unguja naye, aliyezaliwa mshabiki wa Yanga au wa Simba kama alivyo wa Dar es Salaam, ilimbidi apande boti kuiona timu yake.

Kulikuwa na haja ya pili. Sherehe za Mapinduzi zilikuwa na gwaride, hotuba na ufunguzi wa miradi. Vijana walitaka nao sehemu yao katika siku hizo. Mashindano ya mpira yangezipa sherehe wiki nzima ya pirikapirika, yakamalizikia kwenye kilele chenyewe.

Majira nayo yalisaidia. Januari ni mwezi wa kaskazi, vuli imekwisha na masika bado. Mvua ni chache, na jua la mchana, kwa ukali wake, linatua kuacha usiku unaofaa kwa mpira.

Awamu ya kwanza: kusimama kwa miguu yake, 2007–2011

Kombe lilianza katika kipindi cha pili cha uongozi wa Rais Amani Abeid Karume. Yanga ndiyo iliyoandikwa bingwa wa kwanza, mwaka 2007. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Simba. Kwa mashindano machanga hiyo ilikuwa bahati. Timu hizo mbili, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, ndizo zinazogawa nyumba za Watanzania, na kombe lenye majina yao mawili kwenye orodha halikuhitaji kujieleza tena.

Mwaka 2009 Miembeni ikalibakisha kombe mjini. Ilikuwa klabu ya mtaa, mabingwa wa kwanza kutoka Zanzibar, na ushindi wake ulionesha kuwa wenyeji hawakualikwa kwao wenyewe kuwa wapiga makofi. Mwaka 2010 Mtibwa Sugar, timu ya wakulima wa miwa wa Morogoro, ikashinda. Mwaka huohuo uwanja wa Amaan ulifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa China, ukapata nyasi bandia na njia ya kukimbilia ya kisasa.

Awamu hii ilifungwa na mchezo ambao mwandalizi yeyote wa Tanzania angeuomba. Fainali ya mwaka 2011 iliwakutanisha watani wa jadi, na Simba ikaifunga Yanga mabao 2–0. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena kama Kombe la Mapinduzi litachezwa mwakani. Swali likawa nani atakuja.

Awamu ya pili: kombe la Afrika Mashariki, 2012–2019

Miaka minane iliyofuata, yote katika uongozi wa Rais Ali Mohamed Shein, ni miaka ya Azam. Klabu hiyo ya Chamazi ilikuwa imepanda Ligi Kuu mwaka 2008 na haikuwa na taji kubwa hata moja. Januari 2012 iliifunga Jamhuri ya Pemba 3–1 katika fainali na kubeba kombe lake la kwanza kubwa. Miaka miwili baadaye ilikuwa bingwa wa Bara bila ya kupoteza mchezo. Azam ilizaliwa upya Amani, na haikusahau njia: ilishinda tena 2013, halafu mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019. Mataji yake matano hayajafikiwa na klabu nyingine yoyote.

Mwaka 2013 mgeni wa fainali alikuwa Tusker ya Kenya, aliyefungwa 2–1 baada ya muda wa nyongeza. Kombe lilikuwa limevuka mpaka. Mwaka 2014 likaondoka kabisa nchini: KCC ya Kampala iliifunga Simba 1–0 na kulipeleka Uganda. Mwaka 2016 ikaja zamu ya URA, timu ya mamlaka ya mapato ya Uganda, iliyoichapa Mtibwa Sugar 3–1. Kati ya safari hizo mbili za Kampala, Simba ilishinda mwaka 2015 kwa mikwaju ya penalti, 4–3, dhidi ya Mtibwa hiyohiyo.

Michuano ya Januari 2017 ndiyo inayokumbukwa zaidi ya yote katika awamu hii. Mji ulikuwa na Jang'ombe mbili, Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys, zote katika kundi la Simba. Katika kundi la pili Azam iliikung'uta Yanga 4–0. Nusu fainali ikawakutanisha watani, na Simba ikapita kwa penalti. Fainali ikaamuliwa na bao moja la Himid Mao wa Azam.

Mwaka huohuo wa 2017 ulikuwa mgumu na mtamu kwa mpira wa Zanzibar. Tarehe 16 Machi, huko Addis Ababa, Shirikisho la Soka Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Tarehe 21 Julai, huko Rabat, uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba, Zanzibar Heroes ikaenda Kenya kwenye Chalenji, ikafika fainali, ikatoka sare ya 2–2 na wenyeji na kushindwa kwa penalti tu. Vijana wengi wa kikosi kile walikuwa wamekuzwa na ligi ya nyumbani na usiku wa Kombe la Mapinduzi. Feisal Salum wa JKU, aliyejiunga na Yanga mwaka uliofuata, alikuwa mmoja wao.

Mwaka 2018 Azam iliitoa URA kwa penalti 4–3 baada ya sare tasa. Mwaka 2019 fainali ikavuka bahari kwenda Gombani, Chake Chake, na Wapemba wakaishuhudia Azam ikiifunga Simba 2–1. Kombe la Zanzibar lilikuwa sasa la visiwa vyote viwili kwa vitendo.

Awamu ya tatu: uwanja mpya, mwenyeji mpya, 2020–2025

Mtibwa Sugar ilifungua awamu hii kwa kuifunga Simba 1–0 mwaka 2020. Mwaka 2021, wa kwanza wa uongozi wa Rais Hussein Ali Mwinyi, watani walikutana tena fainali. Dakika 90 hazikutoa bao, na Yanga ikashinda 4–3 kwa penalti, ikilipa deni la 2011. Simba ikarudi 2022 na kuifunga Azam 1–0 kwa penalti ya Meddie Kagere. Januari hiyohiyo beki Ibrahim Abdullah, anayejulikana zaidi kwa jina la Bacca, aliondoka KMKM kwenda Yanga. Alikuwa mmoja wa vijana wa Visiwani waliokwenda kuwa nguzo za klabu kubwa za Bara.

Halafu ikaja Mlandege. Ni klabu ya mtaa wa maduka katikati ya mji. Haikuwa na bajeti ya kulinganishwa na ya wageni wake. Tarehe 13 Januari 2023 iliifunga Singida Big Stars 2–1 na kumaliza ukame wa miaka 14. Wako waliosema ni bahati. Jibu lilikuja mwaka mmoja baadaye.

Katikati ya fainali hizo mbili uwanja wa Amaan ulijengwa karibu upya na kampuni ya Orkun ya Uturuki. Ulifunguliwa tena tarehe 27 Desemba 2023 na Rais Mwinyi kwa mchezo wa Zanzibar Heroes na Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara, uliokwisha bila ya mabao. Siku iliyofuata tu, Kombe la Mapinduzi la 2024 likaanza, katika mwaka wa 60 wa Mapinduzi. Timu 12 zilishiriki, miongoni mwao APR ya Rwanda, Vital'O ya Burundi na Jamus ya Sudan Kusini. Mlandege iliitoa APR kwa penalti katika nusu fainali, na tarehe 13 Januari, mbele ya uwanja uliojaa, ikaifunga Simba 1–0 kwa bao la Joseph Akandwanaho. Hakuna klabu ya Zanzibar iliyokuwa imewahi kulitetea kombe hili.

Mwaka 2025 waandaaji walibadilisha utaratibu. Badala ya klabu zikaalikwa timu za taifa, kwa sababu mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, CHAN, yalikuwa yamepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na mataifa yalihitaji mechi za maandalizi. Michuano yote ilichezwa Gombani, ambako pia sherehe za miaka 61 ya Mapinduzi zilifanyika. Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya na Burkina Faso zilicheza. Tarehe 13 Januari Zanzibar Heroes iliifunga Burkina Faso 2–1, na kombe lenye jina la historia ya Zanzibar likabebwa kwa mara ya kwanza na timu yenye jina la Zanzibar.

Jedwali la mabingwa, 2007–2025

| Mwaka | Bingwa | Fainali |
|---|---|---|
| 2007 | Yanga | Bingwa wa kwanza |
| 2008 | Simba | |
| 2009 | Miembeni | Bingwa wa kwanza kutoka Zanzibar |
| 2010 | Mtibwa Sugar | |
| 2011 | Simba | 2–0 Yanga |
| 2012 | Azam | 3–1 Jamhuri |
| 2013 | Azam | 2–1 Tusker, muda wa nyongeza |
| 2014 | KCC | 1–0 Simba |
| 2015 | Simba | 0–0 Mtibwa Sugar, penalti 4–3 |
| 2016 | URA | 3–1 Mtibwa Sugar |
| 2017 | Azam | 1–0 Simba |
| 2018 | Azam | 0–0 URA, penalti 4–3 |
| 2019 | Azam | 2–1 Simba, Gombani |
| 2020 | Mtibwa Sugar | 1–0 Simba |
| 2021 | Yanga | 0–0 Simba, penalti 4–3 |
| 2022 | Simba | 1–0 Azam |
| 2023 | Mlandege | 2–1 Singida Big Stars |
| 2024 | Mlandege | 1–0 Simba |
| 2025 | Zanzibar Heroes | 2–1 Burkina Faso, Gombani |

Kwa hesabu ya mataji hadi 2025: Azam matano, Simba manne, Yanga, Mtibwa Sugar na Mlandege mawili kila moja, Miembeni, KCC, URA na Zanzibar Heroes moja kila moja. Simba pia ina rekodi nyingine, isiyotamanika: kati ya 2014 na 2024 ilipoteza fainali sita.

Uendeshaji na huduma

Kombe linaendeshwa na kamati ya maandalizi chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ikishirikiana na wizara yenye dhamana ya michezo na chama cha mpira cha Zanzibar, kilichokuwa ZFA na sasa ni Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar, ZFF. Kila upande una kazi yake. Kamati inaalika timu, inatafuta wadhamini na kupanga malazi. Shirikisho linatoa waamuzi na kusimamia kanuni. Vikosi vya ulinzi vinaangalia milango na barabara, na wahudumu wa huduma ya kwanza wanakaa pembeni mwa uwanja kuanzia mchezo wa jioni hadi filimbi ya mwisho ya usiku.

Ratiba nayo imejifunza kuishi na mji. Siku za makundi mara nyingi huwa na michezo miwili, mmoja wa jioni na mwingine baada ya sala ya Isha, ili mfanyakazi, mwanafunzi na mwenye duka wote wapate wakati wao. Nje ya uwanja, wauza urojo, mihogo, njugu na juisi ya miwa wana msimu wao, na madereva wa gari za abiria wa njia ya Amani wanajua kuwa usiku wa mechi ya Simba au Yanga hakuna kulala mapema. Kwa wasiofika, televisheni na redio zimelipeleka kombe majumbani, Bara na Visiwani.

Huduma kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana kwenye tiketi. Timu za vikosi kama KMKM, JKU, KVZ na Zimamoto, na timu za mitaa kama Mlandege, Malindi na Jang'ombe, hupata kila Januari kipimo cha kweli. Kocha anayaona mapungufu yake mapema mwaka. Mchezaji anaonwa na macho ya klabu kubwa bila ya kuhama kwao. Mwamuzi kijana wa Unguja anasimamia mchezo wenye presha ambayo ligi ya nyumbani haimpi.

Uwanja nao umefaidika. Tangu ufunguliwe upya, Amaan umepokea fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2024 na 2025, na Kombe la Muungano lililofufuliwa Aprili 2024. Tarehe 25 Mei 2025 ulikuwa mwenyeji wa mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco. Agosti 2025 ukapokea kundi la Senegal, Congo, Sudan na Nigeria katika CHAN. Watu walioyaendesha hayo yote, kuanzia wakata tiketi hadi wasimamizi wa vyumba vya wachezaji, walikuwa wamezoeshwa kazi hiyo na Januari zilizotangulia.

Hatua muhimu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1949 | Zanzibar inaingia Kombe la Gossage |
| 1964 | Mapinduzi ya 12 Januari |
| 1970 | Uwanja wa Amaan unafunguliwa |
| 1982 | Ligi ya Muungano inaanza |
| 1995 | Zanzibar Heroes inashinda Chalenji |
| 2007 | Kombe la Mapinduzi linaanza katika sura yake ya sasa |
| 2010 | Ukarabati wa Amaan |
| 2014 | Kombe linakwenda nje ya Tanzania kwa mara ya kwanza |
| 2019 | Fainali inachezwa Gombani, Pemba |
| 2023 | Amaan inafunguliwa upya, 27 Desemba |
| 2024 | Mlandege inalitetea kombe |
| 2025 | Timu za taifa zinashiriki. Zanzibar Heroes bingwa |

Tarehe ndiyo nguzo

Changamoto za kombe zinajulikana, na heshima ya kumbukumbu hii inataka zitajwe. Ya kwanza ni kalenda. Januari ni mwezi wa hatua ya makundi ya mashindano ya klabu Afrika, na mara nyingine wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali ya 2024 ilichezwa siku ileile AFCON ilipofunguliwa Ivory Coast. Ya pili inatokana na ya kwanza: baadhi ya klabu kubwa huleta wachezaji wa akiba, na timu nyingine zilizoalikwa hujitoa dakika za mwisho, kama Uganda na Burundi mwaka 2025. Ya tatu ni sura ya mashindano yenyewe, ya klabu mwaka huu na ya mataifa mwaka mwingine.

Tukitazama mbali kidogo tutaona kuwa mashindano makubwa ya dunia yamepitia hayohayo. Mbio za farasi za Kentucky Derby, katika mji wa Louisville nchini Marekani, zilianza tarehe 17 Mei 1875 kwa farasi 15. Akashinda Aristides, akiendeshwa na Oliver Lewis, Mmarekani mweusi. Mwaka 1896 umbali wa mbio ulipunguzwa kutoka maili moja na nusu hadi maili moja na robo. Uwanja ukakumbwa na matatizo ya fedha, na kuanzia 1902 ukaokolewa na waendeshaji wapya wakiongozwa na Matt Winn. Mwaka 1945, Marekani ikiwa bado vitani, mbio zilisogezwa hadi tarehe 9 Juni; mwaka 2020, kwa sababu ya korona, hadi tarehe 5 Septemba. Hazikuachwa hata mwaka mmoja, na mwaka 2024 zikafikisha mara 150. Umbali ulibadilika na waendeshaji walibadilika, lakini kila Mmarekani anayependa farasi anajua kuwa Jumamosi ya kwanza ya Mei ina mwenyewe.

Kombe la Mapinduzi lina kitu hichohicho, tena chenye mizizi zaidi, kwa kuwa siku yake haikuchaguliwa na waandaaji. Fainali huchezwa tarehe 12 au 13 Januari kwa sababu ya kilichotokea tarehe 12 Januari 1964. Nyasi zimebadilishwa, majukwaa yamejengwa upya, washiriki wamebadilishwa kutoka klabu hadi mataifa, fainali imevuka kwenda Pemba na kurudi. Januari haikuguswa.

Neno la mwisho

Mashindano 19 yanatosha kutoa hukumu. Kombe hili lilianzishwa kuziba pengo lililoachwa na Ligi ya Muungano, na limeliziba. Limeipa Azam taji lake la kwanza, limewapa Waganda heshima mara mbili, na limeifundisha Zanzibar kwamba anayecheza na wakubwa kila mwaka hufika siku akawashinda: Mlandege mara mbili, kisha Heroes. Hakuna njia ya mkato iliyotumika, wala hakuna mgeni aliyefukuzwa ili mwenyeji ashinde.

Kenya, Tanzania na Uganda zitakuwa wenyeji wa AFCON ya 2027, na macho ya Afrika yataelekea huku kwetu. Kwa hiyo maombi yetu kwa wadau ni matatu. Sura ya mashindano iamuliwe mapema na itangazwe mapema, ili klabu zipange kikosi chao cha kwanza kwa ajili ya Januari. Picha, jezi, tiketi na takwimu za kila mwaka, tangu 2007, zikusanywe na kuhifadhiwa mahali pamoja, maana walioziona fainali za mwanzo bado tunao. Na wewe msomaji, ukiwa Unguja au Pemba Januari ijayo, usiishie kwenye televisheni: nunua tiketi, njoo uwanjani, umlete na mtoto.